Sumaku Ilivyokataa Mahari Yangu

Sumaku ilidondoka chini.

Tii!

Watu arobaini na kitu uwanjani kwa baba yangu, vigelele vikakatika kama redio iliyoishiwa betri.

Baba mdogo Mageni akainama, akaiokota, akaipangusa vumbi kwenye suruali, akaibandika tena kwenye kizingiti cha mlango wa gari.

Ikadondoka tena!

"Januari," baba mdogo akasema, "hili bati lako ni bati gani, mwanangu?"

Januari akacheka. Mwanaume mzima, suti ya bluu ya kubana, kiatu kimechongoka mbele... anachekacheka kama anatekenywa. Huyo ndiye mchumba wangu, na hiyo ndiyo siku ya kuleta mahari.

Mimi nipo kwenye mkeka na mashangazi, kitenge kimefunika uso, jasho linanitiririka mgongoni. Nikajisemea, Loveness, leo umekwisha.

Subirini kwanza, wadau. Niwarudishe mwanzo. Na naomba mtu asiniandikie "pole dada" kabla hajamaliza kusoma!

Naitwa Loveness Maduhu, wa hapa hapa Nyasubi, Kahama. Nina miaka ishirini na tisa na nauza vipodozi sokoni. Januari alikuwa dalali wa dhahabu. Yaani kazi yake ilikuwa kukaa kwenye baa, leo Kahama kesho Geita, akisema "mzigo upo njiani". Miaka miwili nimekuwa naye, huo mzigo sijauona ukifika hata siku moja! Simu tatu mkononi, mbili hazina chaji. Marashi yake yanaingia getini, yeye bado yuko kwa jirani.

Na nikampenda hivyo hivyo. Chekeni tu, hata mimi nacheka.

Sasa, kwetu Wasukuma mahari ni ng'ombe. Wanaletwa, wazee wanawazunguka mmoja mmoja, wanashika nundu, wanaangalia kwato. Aliyekonda anarudishwa mbele za watu, na aibu yote inabaki kwa aliyemleta.

Mshenga wa Januari alikuja amejiandaa kubishana idadi. Baba akamkata kauli.

"Yaya! Hapana, sitaki ng'ombe hata mmoja."

"Sasa unataka nini, mzee wetu?"

"Nataka ile."

Akanyoosha fimbo nyuma ya nyumba. Mshenga akageuka, akabaki mdomo wazi.

Pijo 404, pikapu. Ujana wake wote baba alibebea pamba humo. Ilipaki pale nikiwa darasa la pili na haikuondoka tena. Kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Sakafu imeliwa na kutu mpaka majani yameota ndani, yanachungulia dirishani!

"Injini nina fundi wangu," baba akasema. "Anayemtaka Loveness anitolee kutu kwenye bodi yote ya gari hili. Ng'ombe mtu anawanunua mnadani asubuhi moja. Kutu inataka mtu aliyetulia."

Baba ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Anaona mwanga na vivuli tu. Kwa hiyo hata hiyo Pijo yenyewe haioni... anaipapasa.

Januari alipopewa taarifa alinipigia anacheka mpaka anakohoa.

"Yaani mzee wako anaacha ng'ombe anataka skrepa? Hiyo si bure?"

"Bure kabisa, beibi."

Na mimi nikacheka. Shikeni hapo.

Tukaivuta kwa kamba mpaka kwa fundi Benjamini, yule anayenyoosha bodi za magari hapa Nyasubi. Alikuwa amelala chini ya lori, akatoka nywele zimejaa vumbi la kutu, rangi ya tofali. Mkubwa wangu kwa miaka kama kumi na tano, lakini shikamoo sikumpa. Nimpe shikamoo mtu wa namna ile? Kwa hadhi ipi?

Akaizunguka Pijo taratibu. Akagonga kizingiti cha mlango kwa nyundo ndogo... nyundo ikazama ndani.

"Dada, hapa pamekwisha," akasema. "Nakata hii yote mpaka nikute bati zima. Nachomelea bati jipya, napaka dawa ya kutu, ndiyo tuongee rangi. Miezi miwili na nusu."

"Miezi miwili na nusu!"

Nikapiga hesabu. Kwaresima ilikuwa inaingia baada ya wiki tano. Sisi Wakatoliki Kwaresima ikiingia hakuna cha harusi, unakaa unasubiri Pasaka. Na ukumbi nimeshashika, gauni nimeshapima, wifi yangu mmoja ameshaanza kunisema kwamba nitazeekea kwa baba.

"Si upake puti tu?" Januari akamuuliza.

"Puti ya kusawazisha sawa, unene wa ukucha. Ya kuziba shimo linaloingia ngumi?" Benjamini akatikisa kichwa. "Kwangu hapana. Hiyo sakafu itambeba mtu."

Nikamsonya. Mxiuuu!

"Ovaroli lenyewe limetoboka kuliko gari," nikamwambia Januari kwa sauti, ili yeye mwenyewe asikie, "halafu anachagua kazi!"

Benjamini akaokota nyundo yake. Akarudi chini ya lori lake.

Siku mbili baadaye Pijo ikahamishwa. Kuna vijana pembeni ya mji, wa rangi za haraka haraka, ukiwapelekea hata jeneza watakurudishia linang'aa. Wiki mbili tu, ikarudi.

Jamani... bluu! Bluu ya kuumiza macho! Milango imenyooka, vizingiti vimenyooka, sakafu imewekewa kapeti jeusi. Nikapiga picha kumi na nane, nikaweka status: "Mahari yangu hiyo, wenye wivu mjinyonge."

Huyo alikuwa ni mimi, kwa kidole changu mwenyewe.

Siku ya kukabidhi ikafika, Jumamosi asubuhi. Wazee wamekaa kwenye viti, salamu za "mwangaluka" zinapishana, mshenga anajimwambafai kama ameleta ndege. Pijo ikaingia uwanjani ikivutwa na gari jingine, honi mfululizo, mashangazi wakapiga vigelele.

"Tuikague," baba akasema.

"Mzee, si unaiona inavyong'aa?" mshenga akaropoka. Akakumbuka anaongea na nani, akajiziba mdomo.

Wazee wakainuka. Wakaikagua Pijo vile vile wanavyokagua ng'ombe wa mahari! Mmoja kashika taa ya mbele kama nundu, mwingine kainama anaangalia matairi kama kwato. Baba akawekewa mkono kwenye boneti. Akaanza kutembea nayo, kiganja chote kimelala kwenye bati, polepole, mpaka mlangoni.

Akasimama.

Akagonga kwa kifundo cha kidole. Ko. Akasogea kidogo. Ko. Akashuka chini, kwenye kizingiti.

Bu.

Akarudia. Bu.

"Mageni, hebu njoo."

Baba mdogo Mageni ni mnunuzi wa dhahabu kule Geita. Mnunuzi wa kweli, siyo wa baa. Hao watu hawatembei bila sumaku mfukoni. Mchimbaji akikuletea dhahabu ya unga, unapitisha sumaku juu yake kwanza, inyonye mchanga wa chuma uliochanganyikana humo. Asiyepitisha anapima chuma kwa bei ya dhahabu. Baba mdogo ameshawakamata wajanja wengi kwa kile kisumaku chake cheusi.

Ndiyo akakitoa. Ndiyo kikadondoka. Mara mbili!

Na ninyi mnaojua magari mnajua: Pijo 404 bodi yake ni chuma. Sumaku inatakiwa iing'ang'anie.

Baba mdogo akatoa funguo za nyumba yake, akachokonoa kizingiti. Puti ikameguka, pande kubwa kama sahani. Akaingiza vidole ndani... akavuta.

Akavuta!

Kikatoka kiroba. Kiroba cha sembe, kimekunjwa vizuri, maandishi yanasomeka.

"Wazee wenzangu," baba mdogo akakiinua juu, "ng'ombe gani huyu anajazwa sembe mbavuni?"

Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Kuna shangazi alicheka mpaka akavua kilemba. Mshenga akaanza kutafuta kiatu chake. Januari yule, mzee wa mzigo upo njiani, anarudi kinyumenyume mpaka kiatu kinachora mchanga. Nilimdharau pale pale. Niliona aibu hata ya kuwahi kumshika mkono.

"Kijana," baba akauliza, hana hata hasira, "nani alikushauri hivi?"

"Baba... shikamoo baba..."

"Salamu tumeshamaliza. Nani alikushauri?"

Januari akaangalia mshenga. Akaangalia geti. Halafu akaniangalia mimi, wadau, na nikajua.

"Usithubutu!" nikajikuta nimesema.

Akatoa simu. Ile moja yenye chaji. Akabonyeza ujumbe wa sauti, akaongeza sauti mpaka mwisho, akainua juu.

Ikatoka sauti ya kike, tamu, ina kicheko ndani.

"Beibi achana na huyo fundi mchafu bwana... Kwaresima inaingia! Wape wale vijana wajaze chochote humo, hata magazeti, wapige puti juu. Mzee mwenyewe haoni, atajulia wapi? Si wa kupapasapapasa tu yule... hahaha!"

Sauti yangu!

Nilishawaambia msinipe pole.

Hakuna aliyecheka safari hii. Baba haoni, lakini masikio yake mazima. Alisimama pale, kiganja bado kipo kwenye mlango wa Pijo, sauti ya bintiye inamcheka mbele ya ndugu zake wote. Nilitamani anitukane. Nilitamani aokote ile fimbo anichape mbele za watu.

Hakunigusa.

"Mageni," akasema, "nitolee bahasha humu kwenye koti. Wasomee."

Baba mdogo akaifungua. Ilikuwa kadi ya gari. Akaisoma kimya kwanza, akaniangalia, kisha akasoma kwa sauti. Namba za gari, aina ya gari, mwaka wa gari. Mmiliki...

"Loveness Maduhu."

Jamani.

"Nimebadilisha jina tangu mwaka jana," baba akasema. "Mwaka wa kwanza wa ndoa nilimkosea mama yako, Mungu amrehemu. Akataka kurudi kwao. Hakuwa na hata baiskeli, kila kitu ndani kilikuwa changu. Akatembea kwa miguu siku nzima, mimba ya kaka yako tumboni. Nilimfuata, akanisamehe, tukarudi. Ila mimi sikusahau. Nikasema binti yangu akiolewa atatoka hapa na gari lake. Mume akimkosea, apande arudi nyumbani."

Akapapasa kile kizingiti kilichobomoka.

"Sakafu ilikuwa ya kukubeba wewe, Loveness. Mimi ningeipanda niende wapi?"

Nilianguka miguuni kwake, nikalia kama mtoto. Akaniinua kwa mkono, kwa adabu kabisa, kama unavyomwinua mgeni aliyejikwaa. Akawaambia kina Januari mahari hajapokea, wapewe chakula wale, waende.

Januari hakula. Aliniblok kabla hajafika barabara ya lami! Nasikia sasa yuko Geita, anamwambia mwingine mzigo upo njiani. Dada huko uliko, kama unasoma hapa, hakuna mzigo.

Sasa najua mnawaza nini. Mnawaza niliolewa na fundi Benjamini, mwema wa hadithi. Acheni ushamba! Benjamini ana mke na watoto wanne, na hanipendi hata kidogo. Nilimpelekea Pijo, nikampa shikamoo iliyochelewa. Akaitikia "marahaba" bila kuinua uso. Akanipa patasi na msasa.

"Puti uliyoagiza wewe, utaibandua wewe."

Huu ni mwezi wa tano tangu siku ile, kila Jumapili baada ya misa nipo pale. Nimeshatoa humo viroba sita, magazeti, waya wa kuku, na soksi. Soksi, nyie! Soksi ya mwanaume, moja, ndani ya mahari yangu! Benjamini anakata, anachomelea, haongei na mimi zaidi ya "shika hapa" na "sogea". Kucha zangu zimekwisha. Watu wa sokoni wananiita Mama Puti, na wana haki.

Nawaambia wale wenye wazazi wagonjwa, wasioona, wasiosikia, mnaowasema vibaya kwenye simu mkidhani hawatajua. Nilimchukulia baba yangu mjinga kwa sababu ya ugonjwa, na akili yake yote alikuwa anaitumia kunifikiria mimi. Mjinga alikuwa mimi, mwenye macho mawili mazima na status ya picha kumi na nane.

Zamani nikirudi kutoka sokoni, baba alinijua kwa hatua tu. Nikiwa bado getini utasikia, "Loveness huyo, mwekeeni ugali."

Siku hizi wengine bado anawajua kwa hatua. Mimi naingia mpaka ndani, navua viatu, nakaa karibu yake kabisa. Anageuza uso kunifuata.

"Nani huyo?" ananiuliza.

Namjibu kila siku. Na kila siku anauliza tena.