Mbegu Zinazoogelea Mbili Mbili

Kila asubuhi Mwanaheri, binti wa mwenye duka Kasulu mjini, aliwahi shuleni akakaa dawati la mbele. Katika Kidato cha Pili hakuna aliyempita kwa Baiolojia, mpaka mwaka 2014 Uwimana, mtoto wa wakulima wa Heru Juu, alipohamia shuleni hapo. Uwimana alijua kuchora. Mwalimu Melkiadi alipomsifu mbele ya darasa, Mwanaheri alipiga makofi na wenzake, lakini roho ilimuuma.

Siku moja mwalimu aliwaambia wachore mbegu ya kiume ya mnyama yeyote. Mchoro bora ungepelekwa kwenye maonyesho ya sayansi Kibondo. Mwanaheri alichora ya ng'ombe: kichwa, shingo na mkia. Uwimana alichora ya oposamu, mnyama wa Marekani ambaye hulea watoto mfukoni kama kangaruu. Mbegu zake zilikuwa mbili, zimeshikana vichwa, kila moja na mkia wake. Mwalimu akauchagua mchoro huo, ukabandikwa ukutani.

Mwanaheri alijua ni sahihi. Alikuwa amesoma katika kitabu cha maktaba kwamba mbegu hizo huogelea mbili mbili, na zikitenganishwa mapema huzungukazunguka bila kufika mbali. Mchana huo alikichukua kitabu, akakificha nyumbani chini ya godoro. Kisha akamwambia mwalimu kwamba Uwimana amebuni.

Mwalimu hakuwahi kuona mbegu za namna hiyo. Uwimana alisema aliziona katika kitabu cha maktaba, lakini alipotakiwa kukionyesha alikitafuta kwenye rafu zote akakikosa. Mchoro ukabanduliwa, akateuliwa Mwanaheri.

Tangu hapo wenzake walimwita Uwimana mwongo, naye akaacha kabisa kuchora. Mwanaheri alijitahidi kuurudia mchoro wake wa ng'ombe, lakini kila alipoutazama aliona haufikii ule wa mwenzake. Wivu haukupungua, sasa ulichanganyika na aibu. Siku mbili kabla ya safari alikipeleka kitabu ofisini, Uwimana akaitwa.

"Nilikificha mimi, Mwalimu," Mwanaheri alisema. "Nilitaka nisifiwe mimi."

Uwimana aliufungua ukurasa wenye mbegu hizo, akamgeukia mwenzake.

"Ulisikia wakiniita mwongo, Mwanaheri, ukanyamaza."

Mwanaheri alilia, akamwomba radhi. Mwalimu naye alimwomba Uwimana radhi mbele ya darasa zima kwa kuamua bila kuchunguza, akamteua kwenda Kibondo. Mwanaheri alipewa adhabu ya kupanga vitabu vya maktaba muhula mzima.

"Mwenzako akifanya vizuri, akili yako haipungui," mwalimu alimwambia. "Umwombe akufundishe. Ulipomficha yeye kitabu, uliwaficha wenzako wote jambo la kweli, na mimi pia."