Mkono Chini ya Bariji

Mpaka anafika uzee wake, Amuri wa Kisangani hakuwahi kupata jibu la swali moja: siku ile, chini ya mto, ni mkono wa nani uliomshika?

Alikuwa mtu wa kupiga mbizi kwa kupenda tu, bila kulipwa na yeyote. Alizamia ziwa Tanganyika, ambako maji ni angavu na samaki wadogo wa manjano hukusogelea usoni kama watoto wanaochungulia mgeni. Alizamia bahari ya Moanda. Hata alipokwenda Hija, kichwa kizima kimejaa mvi, alibaki Jedda siku mbili, akakodi vifaa, akashuka katika Bahari ya Shamu. Na kila aliposhuka, wenzake walimwona akifanya jambo lile lile. Akifika chini alinyosha mkono wa kulia pembeni, kiganja wazi, akangoja kidogo...

Halafu aliurudisha. Hakusema alikuwa akingoja nini.

Mambo yenyewe yalianza jioni moja ya mwisho wa Novemba, mwaka wa sitini na nne, Amuri akizunguka mjini kutafuta kafuri.

Mama mkwe wake, Mama Kadidja, ndiye aliyemtuma. Sanda ilikuwa tayari: vipande vitano vya bafta nyeupe, amevikata mwenyewe, amevikunja juu ya kitanda. Maji ya kisima yamechotwa. Sabuni ipo. Kilichokosekana ni kafuri, na maiti.

Aziza, mke wa Amuri na mtoto pekee wa Mama Kadidja, alikuwa ndani ya mtumbwi uliokuwa ukivuka kutoka ng'ambo ya kushoto siku nne kabla, siku ambayo askari wa serikali walirudi mjini na waasi wakakimbia. Risasi zilipita juu ya maji kutoka pande zote mbili. Mtumbwi ulipinduka. Ulikuwa na watu saba. Ni risasi ya nani, hakuna aliyeona, na Amuri alikuwa ameacha kuuliza. Alichotaka ni kumtoa mkewe mtoni ili mama yake amwoshe.

Soko lilikuwa limevunjwa. Harufu ya unga ulioungua ilikuwa bado imeganda hewani. Duka la Waziri, muuza manukato, lilifunguliwa kiasi cha kupitisha mkono tu. Lakini mkono haukupita. Waziri aliiweka pakiti ya kafuri chini, akaisukuma kwa mguu.

"Kamata, Amuri. Bon. Usiingie."

"Sababu gani nisiingie? Jana tu tulikunywa kahawa humu."

"Batu banasema."

"Banasema nini?"

Waziri alishusha sauti. "Banasema mutu hawezi kushuka mu maji nusu saa, atoke anacheka, kama hana rafiki kule chini. Na barafiki ba kule banaombaka kitu." Alichungulia barabarani. "Banasema ulibapatia bibi yako."

Mlango ukafungwa.

Amuri hakukasirika. Mwaka ule kila mtu alikuwa ameahidiwa kitu na maji. Vijana walinyunyiziwa maji ya dawa wakaambiwa risasi haitawaingia, wakaenda wakiimba, na wengi hawakurudi. Watu walikuwa na haki ya kuuliza maji yamekula nini. Na yeye, fundi wa injini za meli, tangu mwaka wa hamsini na nane alikuwa akionekana kila Jumapili akivaa miwani ya mpira, akibeba chupa ya chuma mgongoni, akipotea chini ya mto, akirudi.

Ni Mbelgiji mmoja, Émile, fundi mwenzake, aliyemfundisha. Mwaka wa uhuru Émile alipoondoka, alimwachia vifaa vyote, pamoja na mashine ya kujazia chupa hewa. Amuri aliiweka uani kwake. Baadaye wapiganaji walikuja kuichukua, wakisema ni ya kujazia matairi. Ilibaki chupa moja tu iliyojaa. Aliijaza mwezi wa saba, siku ambayo Aziza alikuwa anakaanga kahawa uani, na mashine ikavuta hewa ile ile pamoja na harufu yake.

Émile alimfundisha pia kusema kwa mkono. Maji ya Kisangani ni kama chai nzito. Mkitelemka wawili hamwonani, basi mnashikana. Kubonyeza mara moja: nipo. Mara mbili: twende juu. Aziza hakuwahi kuzamia, ila alizipenda ishara hizo kuliko waliozibuni. Wageni wakikawia kuondoka, alimshika mumewe mkono chini ya kitambaa cha meza, akambonyeza mara mbili. Kisha akaongeza yake mwenyewe: alimkwaruza kwa ukucha katikati ya kiganja. Maana yake, kwa maneno yake, ilikuwa: "Twende, mupumbafu yangu."

Ishara hiyo hawakuwahi kumfundisha mtu.

Kutoka kwa Waziri, Amuri alipita kando ya mto. Papa Lambert, mvuvi wa Yanonge, alikuwa amekaa karibu na moto wake, samaki mmoja tu kwenye moshi.

"Minavua tangu utoto," alisema bila kugeuka, "sijaona samaki ya kuvaa miwani sawa weye."

Amuri alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nne, na kicheko kilimuuma kifuani.

"Papa Lambert, niko na chupa moja. Sijue nishukie wapi. Mto ni mkubwa."

"Pale." Mzee alinyosha kidole. "Bariji ilizama pale, ile ya kubeba mizigo. Maji inazunguka. Kila kitu mto inakamata, inakiwekaka pale kwanza. Kesho nitakupeleka."

"Nikupatie nini?"

"Hapana kitu. Nitapiga kafi tu."

"Na Delphine? Sijamuona hapa." Delphine alikuwa binti yake, ambaye kwa kawaida ndiye aliyepiga kafi.

"Iko Yanonge. Kwa shangazi yake." Alijibu haraka mno. Halafu akaongeza, akitazama moto: "Kule chini, ukisikia mutu anaita jina yako, usijibu."

"Nitajibu na mdomo gani, Papa? Ninaumaka mpira ya kuvuta hewa."

Papa Lambert hakucheka.

"Alors," alisema polepole, "usijibu na mukono."

Kesho yake, alasiri, mtumbwi ulifungwa juu ya bariji. Askari wawili ukingoni walitazama, wakasema neno, wakacheka, wakawaachia. Amuri alijifunga mkanda wa uzito. Kamba ndefu ilishuka kutoka mtumbwini. Mwisho wake aliuzungusha kwenye kiganja cha kushoto. Akauma mpira, akavuta pumzi ya kwanza.

Kahawa.

Ilimjaa mdomoni na puani. Uani kwake, mwezi wa saba, jiko, chungu kinachotikiswa, Aziza akilalamika kwamba mashine ina kelele kama mkwe mlevi. Alikaa hivyo kidogo, macho yamefumbwa, akiila hewa ile kwa uchungu. Kisha alishuka.

Kwenye urefu wa mkono mwanga ulikuwa wa kahawia. Chini zaidi ukawa mwekundu. Chini zaidi hapakuwa na mwanga. Alikutana na bariji kwa goti: chuma, kutu, utelezi. Aliifuata ubavuni kwa kupapasa. Sauti pekee ilikuwa pumzi yake, ikiingia kwa mluzi, ikitoka kwa mapovu.

Aliingiza mkono kwenye dirisha lililovunjika. Matope. Akaingiza mahali pengine. Kamba, gunia, tawi...

Pumzi iliingia. Ikatoka.

Alizuia pumzi apate kusikiliza vizuri.

Pumzi iliendelea.

Taratibu. Karibu na sikio lake la kulia. Iliingia, ikatoka, bila mapovu.

Akajiambia ni mto, ni maji yanapita tundu la chuma. Akajiambia tena. Ndipo kitu kikamgusa mkono wa kulia. Vidole. Vilipita juu ya vidole vyake kimoja kimoja, kama mtu anayevihesabu, vikashika.

Vilikuwa na joto.

Vikabonyeza mara mbili.

Kisha ukucha ukamkwaruza katikati ya kiganja.

Papa Lambert alikuwa amemkataza. Amuri alikumbuka kabisa. Akajibu. Akabonyeza kwa nguvu zake zote, mara moja, tena na tena: nipo, nipo, nipo.

Mkono ukamvuta. Haukumvuta juu. Ulimpeleka chini, chini ya tumbo la bariji, mahali ambapo chuma kilikwaruza chupa mgongoni na kifua kikasugua mchanga. Alifuata. Angefuata popote. Kisha mkono ule ukasimama, ukakichukua kiganja chake, ukakiweka juu ya kiganja kingine.

Hicho kilikuwa baridi.

Na hapo hewa ikaanza kuwa ngumu, kama kunyonya kupitia kitambaa. Chupa ilikuwa inaisha. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika kile kiganja cha baridi. Wa kushoto ulikuwa na kamba. Mkono wenye joto ulikuwa umebaki juu ya kifundo cha mkono wake wa kushoto, umetulia, unangoja.

Ili aushike, ilibidi aiachie kamba.

Baadaye alisimulia kana kwamba alifikiri. Hakufikiri. Chini ya paa lile la chuma, gizani, bila hewa, kiganja chake kilikaza kamba peke yake, kama kiganja cha mtu yeyote.

Mkono ukambonyeza mara mbili. Safari hii bila ukucha.

Ukaachia.

Juu, Papa Lambert aliivuta kamba mpaka kichwa cha Amuri kikatoka, na nyuma yake kichwa kingine, nywele zimesukwa. Amuri alikuwa akikohoa, haoni. Alisikia kafi ikianguka. Hakusikia jina la Aziza.

"Delphine," alisema mzee. Alilisema polepole, kama anayemwamsha mtu. "Delphine yangu."

Msichana alikuwa na siku tano majini, lakini ngozi yake haikuwa imebadilika. Ungesema amelala tangu asubuhi. Amuri aliishika mikono yake, akaitazama. Ilikuwa migumu, ya kupiga kafi, na kucha zake zilikuwa fupi, zimekatwa mpaka kwenye nyama. Kwenye kiganja cha Amuri palikuwa na mstari mwembamba mwekundu. Ni kweli, bariji ile ilikuwa imejaa vyuma vikali.

"Ni mie nilimutuma avushe batu, Aziza pamoja nabo," Papa Lambert alisema. "Mie niliogopa. Nikamuambia, weye uko mwepesi, nenda. Niliona mutumbwi inazunguka pale. Nilijua." Machozi yalimdondokea ndevuni. "Nilikudanganya, mutoto yangu. Nilitaka chupa yako."

Amuri alitafuta hasira ndani yake, asiipate. Alikuta kamba tu, bado imezungushwa kiganjani.

Walimfikisha Delphine uani kwa Mama Kadidja, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na maji na nguo. Watu walikusanyika langoni. "Amebadirisha!" mmoja alisema. "Ametoa moja, amepewa moja!" Mama Kadidja, mwanamke mdogo, mwembamba, aliinua kitambaa, akautazama uso ambao haukuwa wa mwanawe. Akakirudisha. Akamshika Amuri shati, akamwingiza jikoni.

"Ulimuuzisha mutoto yangu?" Ilikuwa sauti ya chini sana.

"Hapana, mama."

"Ulimuona?"

"Sikumuona. Alinikamata mukono." Akamweleza yote, hata ukucha.

"Na weye, sababu gani hukumukamata?"

"Nilikuwa na kamba, mama."

Aliugeuza mkono wake wa kulia, akautazama ule mstari kiganjani.

"Alikuambia juu?"

"Mara mbili."

"Donc ulisikia neno yake," alisema Mama Kadidja, akakaa juu ya kinu. Alilia bila sauti, mkono mdomoni, mpaka akamaliza. Kisha akajifuta, akatoka.

"Bafta iko," aliwaambia waliokuwa langoni. "Maji iko. Huyu mutoto atalala mu nguo ya Aziza."

"Mama," Papa Lambert alinong'ona, "siye ni ba-Catholique."

"Sala utasema weye. Mie nitaosha." Akamgeukia Waziri, aliyekuwa amejificha nyuma ya wengine. "Kesho tutamusalia Aziza bila mwili, na weye utasimama mustari wa kwanza, karibu na Amuri. Amuri, mu huu mto hushuki tena. Basi."

Amuri na Papa Lambert walichimba kaburi kabla ya saa ya marufuku ya kutembea. Na kesho yake, kwenye sala ya Aziza, Waziri alisimama pale alipoambiwa. Lakini kuosha, jioni ile ile, Mama Kadidja aliosha peke yake. Jirani wawili walijitolea kumsaidia, akawakatalia, akateremsha mkeka mlangoni.

Amuri alikaa upande wa pili wa mkeka. Alisikia maji yakimiminwa. Alisikia harufu ya kafuri. Alimsikia yule mama akisema taratibu, akiita mwanangu, akiomba radhi kwa maji baridi.

"Sasa geuka kidogo," alisema. "Upande ya kushoto."

Mwanamke mmoja mzee hawezi kumgeuza maiti bila msaada. Kila mtu pale uani alilijua hilo. Jirani mmoja alinyanyuka. Ukasikika mwili ukigeuka juu ya ubao, polepole, bila kishindo.

"Ehe," alisema Mama Kadidja. "Sasa mugongo."

Ukageuka tena.

Jirani akarudi kukaa. Mama Kadidja hakuita mtu.