Siku Donatus Alipooga

Febronia ni jirani yangu hapa Ngokolo, ukuta kwa ukuta, na haya alinieleza mwenyewe akiwa na akili zake timamu. Siongezi chumvi. Ningeongeza nini hapo?

Ilikuwa Alhamisi ya jua kali. Tangu saa nne asubuhi Febronia na mumewe, Donatus, walikuwa wamekaa kwenye chumba cha abiria cha stesheni ya hapa mjini kwetu, wakisubiri treni ya mchana ya kwenda Dar. Kaka yake Febronia alikuwa amempatia shemeji yake kazi ya ulinzi huko. Febronia alikuwa amekwenda Runzewe yeye mwenyewe kumtoa mume kwenye mashimo ya dhahabu, baada ya miaka minne ya kumwona Krismasi kwa Krismasi. Safari hii alikuwa ameapa haondoki bila yeye. Alichokuwa akiomba ni kimoja tu: wapande treni, waende, awe na mume nyumbani kama wanawake wenzake.

Tatizo ni kwamba Donatus alinuka.

Simaanishi jasho. Mganga wa machimboni alikuwa amemkataza kuoga mpaka duara lao, yaani shimo wanalochimba, liteme dhahabu. Wachimbaji wengi hupewa miiko ya namna hiyo, na duara la Donatus halikuwa limetema hata punje. Miezi saba maji hayakumgusa. Uchafu ulikuwa umeganda shingoni tabaka juu ya tabaka, ukapasuka, na ndani ya nyufa mlikuwa na kitu cheupe kama maziwa yaliyokatika. Nzi waliyaacha maembe ya muuzaji pale mlangoni, wakahamia kwake. Mama mmoja aliyekaa karibu alijiziba pua kwa kanga, akahamisha mizigo yake yote hadi upande wa pili. Febronia alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Kuna bafu kule nyuma," alimnong'oneza mumewe.

"Febi, yule mzee alisema nisioge kabla duara halijatema."

"Duara tumeliacha Runzewe. Wewe si mchimbaji tena."

"Lakini mwiko hajaufungua."

"Basi naufungua mimi, mkeo."

Donatus alikohoa kile kikohozi chake cha vumbi, akainuka. Mwanamume mpole yule, hajawahi kumbishia mkewe mara ya pili.

Bafuni Febronia alijifunga kibwebwe, akashika dodoki na kipande cha sabuni ya mche. Kwanza ulitoka udongo mwekundu. Ukafuata mweusi. Kisha kikaanza kutoka kitu cha kijivu, kizito, laini kama ugali uliolala, kikidondoka sakafuni mabonge mabonge. Maji yalikwenda zake kwenye tundu. Mabonge yalibaki. Febronia aliyasukuma kwa mguu, akauvuta haraka, kwa maana yalikuwa na joto kama la mwili wa mtu mwenye homa.

"Basi, Febi," Donatus alinong'ona. "Basi, inatosha."

Hakusikia. Kinyaa kilikuwa kimempanda kichwani. Alisugua kwapa, akasugua mgongo, akasugua mpaka mkono ukamuuma, na mume akizidi kuwa mwepesi mikononi mwake. Mwisho dodoki halikutoa kitu. Akamvika shati jeupe, akamfunga vifungo mpaka shingoni, wakarudi kukaa.

Nzi hawakumfuata. Yule mama wa kanga alirudi benchi lake. Febronia alimtazama mumewe akaona raha, kwa mara ya kwanza tangu Runzewe.

"Una njaa?"

"Ndiyo."

"Au umeshiba?"

"Ndiyo."

Alimcheka. Kisha akamsogezea pua shingoni. Hapakuwa na harufu ya sabuni. Hapakuwa na harufu ya mtu. Chumba kizima kilikuwa kinatiririka jasho, na shati la Donatus lilikuwa kavu.

Ndipo aliposikia kikohozi. Kikavu, cha vumbi. Kilitoka nyuma, kule bafuni.

Mama Kudra, mfanyausafi wa pale, alikuja na ndoo mkononi, uso umempauka.

"Mwanangu, mle bafuni umemwacha nani?"

"Sijaacha mtu, mama."

"Kuna mtu amekaa chini. Ananiomba nisimmwagie maji." Aliitua ndoo. "Anamtaja Febi."

Treni ikapiga honi. Watu wakainuka kwa fujo, mabegi juu. Febronia alikwenda mpaka mlango wa bafu. Ile harufu ilimpiga usoni, ileile ya asubuhi, nzito, ya kutapisha. Chini ya mlango kulikuwa na kitu cha kijivu kinajikusanya.

"Febi. Usiniache."

Ilikuwa sauti ya Donatus. Alijua. Anasema mpaka leo kwamba alijua.

Aliziba pua. Akageuka, akarudi benchini, akamshika mkono yule Donatus msafi, wakapanda.

Treni iliondoka. Febronia alifumba macho, akamshukuru Mungu. Hawakuwa wamefika mbali mkaguzi alipopita. Akampa tiketi mbili. Mkaguzi alizitazama, akaitazama siti ya dirishani.

"Mwenzako yuko wapi, mama?"

Febronia aligeuka. Kwenye siti palikuwa na shati jeupe, limefungwa vifungo mpaka shingoni. Ndani hamna kitu.

Aliteremka Isaka, akarudi kwa pikipiki huku analia njia nzima. Alikimbilia bafuni. Sakafu ilikuwa inang'aa.

"Nilishikwa na kinyaa, mwanangu," Mama Kudra alimwambia, hamtazami. "Nilimwaga ndoo tatu na dawa ya choo. Nikasukuma kwa ufagio. Aliita mpaka bonge la mwisho."

Febronia alipiga magoti penye tundu la maji. Pembeni mwa tundu kulikuwa na alama za vidole vitano vya udongo mwekundu, vimeng'ang'ania ukingo, vikitokea ndani. Watu wa stesheni walisugua kwa brashi, wakasugua kwa jiwe. Vigae vikang'olewa, vikawekwa vipya, na alama zikatokea juu ya vipya.

Mama Kudra anaapa kwamba siku ile vilikuwa vidole vitano tu. Mwezi uliopita nilikwenda kuviona kwa macho yangu. Nilivihesabu mara mbili. Vilikuwa kumi.