Harufu ya Kusiko na Hewa

Haya sikusimuliwa. Niliyaona kwa macho yangu haya mawili, nimesimama nyuma ya ubao unaotenganisha karakana yangu ya kuchomelea vyuma na duka la Pua, na anayebisha aje tubishane. Ubao ule una tundu. Nani alilitoboa, hiyo si hoja ya leo.

Pua tulimwita hivyo kwa sababu ya kazi yake. Alichanganya manukato, na akipita kwangu asubuhi aliweza kuniambia jana nilikula nini na nilikula kwa nani. Aliishi chumba cha nyuma ya duka na mama yake, bibi kizee aliyepotewa na kumbukumbu. Majina yalimtoka kwanza, sura zikafuata. Kilichobaki ni kitu kimoja. Kila jioni Pua aliinama kitandani, mama akaushika mkono wake, akaunusa pale ndani ya kiwiko, akasema, "Mwanangu huyu." Ndipo akala. Asiponusa hali, na anapiga kelele kama aliyeingiliwa na mwizi.

Basi jioni moja jua linazama, Pua anatafuta kufuli afunge duka, akaingia mteja. Mwanamke mrefu, koti la kijivu. Pua akavuta hewa kama kawaida yake...

Hakuna.

Si sabuni, si jasho, si vumbi la njiani. Hata maiti ina harufu yake. Huyu hakuwa nayo.

"Nataka manukato ya juu," mgeni akanong'ona. "Kupita mawingu. Kusiko na hewa."

"Dada yangu, huko nani kanusa?"

"Waliokwenda wakarudi. Wanasema mavazi yao hunuka chuma kilichochomwa. Mimi harufu hiyo imenitoka. Nirudishie."

Mwingine angemwonyesha mlango. Lakini Pua alikuwa na maringo ya fundi, ugonjwa ninaoujua maana hata mimi ninao. Akaja kwangu mbio.

"Kaka, nichomee chuma."

"Chuma gani?"

"Chochote. Hata huo mdomo wako."

Nikachoma. Akanusa moshi, macho kayafumba, akarudi kwenye vichupa vyake. Masizi. Utomvu. Karafuu iliyoungua. Anadondosha, anachovya karatasi, ananusa, kisha anainamia kiwiko chake. Ndivyo wafanyavyo wenye kazi ile: pua ikichoka, huipumzisha kwenye ngozi yao wenyewe. Kwa hiyo mahali pale hapawekwi tone la kitu chochote, maisha yote.

Mgeni akaichukua karatasi.

"Chuma kipo. Kuungua kupo. Utupu haupo."

"Utupu hauna harufu, dada."

"Pua yako ikichoka unaipeleka wapi?"

Pua akautazama mkono wake.

"Weka hapo. Tone moja tu."

Nilitaka kugonga ubao. Mkono ukagoma. Na mimi si mwoga, ulizeni mtaa mzima.

Tone likaanguka.

Kwanza Pua akasikia chuma. Kisha moto uliozimika zamani. Kisha kitu cheusi, kipana, kisicho na ukuta wala sakafu... Ilikuwa kamili. Hakuwahi kutengeneza kitu kama kile. Akatabasamu, akainamia kiwiko cha pili ili apumzike.

Hakuna.

Akanusa kiganja. Akanusa nguo. Akazivuta nywele zake puani. Hakuna, hakuna.

Halafu harufu ikamjia kutoka ng'ambo ya meza. Sabuni ya kufulia, jasho la mchana, mafuta ya nywele, na kitu cha chini kabisa kisicho na jina. Hakuwahi kuisikia kwa mbali, kwa sababu ilikuwa yake.

Mgeni alikuwa ameshakunja mkono wa koti. Akalisukuma pazia, akaingia chumba cha nyuma. (Huko nako lipo tundu. Msiniulize.)

Pua akamfuata akijikwaa. Akakuta mama ameukumbatia mkono wa yule mtu, pua ndani ya kiwiko.

"Mwanangu huyu. Leo umechelewa."

"Mama, mimi hapa," Pua akasema, akampa mkono wake.

Mzee akanusa. Akanusa tena. Uso ukamkunjamana kama mtu aliyefungua mlango akakuta nje hakuna ardhi. Akajivuta mpaka ukutani.

"Mwanangu, nani huyu? Mtoe."

"Ndiyo, mama," mgeni akajibu kwa upole.

Akachukua kijiko, akaanza kumlisha.

Pua ameoga kwa majivu, kwa siki, kwa mafuta ya taa. Mbwa hawambwekei, wanapita tu kama hayupo. Jioni anasimama dirishani kwa mama yake, na mzee hupiga kelele mpaka aondoke. Wapo wasemao yule ni jini, wapo wasemao ni mtu aliyepotelea huko juu. Mimi ninachojua ni kwamba mama ananenepa, na duka linafunguliwa kila siku.

Sasa nikiri, maana mmenisikiliza vizuri. Mahali pamoja nimetia chumvi. Nimesema mzee alinusa, akanusa tena. Hilo la pili nimeliongeza mimi, kwa sababu Pua alikuwa pale mlangoni anasikiliza, sasa ameondoka, na huwa napenda asikie kwamba mama yake alimtafuta.

Alinusa mara moja tu.