Njia ya Chuma ya Eroni

Kuku ndio walioanza. Wakifika kwenye ile njia ya chuma, husimama, kisha huzungukia nyuma ya nyumba kama watu wanaomkwepa mkwe.

Njia aliitengeneza Eroni. Alibeba vyuma vya matundu kutoka uwanja wa ndege wa enzi za vita, ule uliomezwa na msitu nyuma ya kijiji, akavilaza kwa kunyoosha kutoka ufukweni hadi mlangoni, mkewe Sarina asikanyage tope. Pale kisiwani vyuma hivyo ni nyua za nguruwe, husimamishwa wima. Hakuna aliyewahi kuvilaza tena kama Waamerika, waliovitandika ndege zao zitue.

Halafu viazi vikanuka petroli.

"Umepikia nini?"

"Tui. Usinianze, Eroni."

Alasiri moja, jua likiwaka, ngurumo ilitokea juu ya bahari, ikashuka, ikashuka zaidi, vyuma vikalia kimoja baada ya kingine kuanzia ufukweni, vikija, vikija, mlango ukafunguka wenyewe, na ile harufu ikapita katikati yao hadi kwenye mkeka wa binti yao mchanga, Melika, aliyekuwa akilia, naye akanyamaza.

Hakulia tena. Alinyonya, akatazama dari. Wazazi nao walikula, wakafagia, wakalala.

Siku ya tatu Sarina alimwita shangazi yake Vaina, mjuzi wa mizimu. Vaina alitafuna popoo, akatema mate mekundu kando ya chuma.

"Ni rubani," alisema kwa sauti ya chini. "Miaka yote tangu vita anazunguka huko juu, hana pa kutua. Wewe mkwe ukamtandikia hadi mlangoni. Ungemchemshia na chai."



"Atatoka?" aliuliza Eroni.

"Kesho nitamwamuru. Atatokea alikoingilia. Msiguse kitu."

Asubuhi Vaina alimkuta Eroni amekaa kwenye tope, viganja vinavuja damu. Vyuma vyote alikuwa amevitupa baharini.

"Nimemaliza, shangazi," alinong'ona. "Nilishindwa kungoja."

Vaina alilipapasa tope kwa unyayo.

"Umeng'oa njia, mwanangu. Mwenyewe yumo ndani. Sasa ataruka kupitia wapi?"

Sarina alitokea mlangoni, Melika begani. Mtoto alifumbua kinywa, na humo ikatoka ngurumo ndogo, ya taratibu, ya injini inayongoja. Sarina alimpigapiga mgongoni, kama mama yeyote anayemcheulisha mwanawe.