Ombi Lisilo na Njia ya Kurudi

Ukumbi wa mapokezi wa hospitali ulifurika asubuhi ile, na kompyuta zote za usajili zilikuwa zimeganda. Fundi alipita katikati ya watu, waya begani, shati la buluu limelowa mgongoni. Wauguzi walimwita Chapchap, maana hakulala na tatizo. Aliinama chini ya meza, akanyoosha mkono kwenye swichi.

"Kabla hujazima, umewaambia walio ndani ya mfumo?"

Aligeuka. Aliona viatu vyeusi vya kisigino kifupi, kisha gauni la kijani lililonyooka kwa pasi, kisha uso usio na haraka hata kidogo.

"Dada yangu, mgonjwa ni wewe au kompyuta?"

"Bado napima nani ana homa kali zaidi."

Mama mmoja kwenye foleni alicheka mpaka akashika mbavu. Chapchap alizima, akawasha, usajili ukaamka. Lakini kule dirisha la dawa, watu waliokuwa katikati ya kuandika wakapoteza kazi yao yote.

Mchana alijua yule dada ni nani: msimamizi mpya wa mabadiliko ya mfumo wa kompyuta, aliyeletwa kuweka utaratibu. Tangu siku ile hakuna fundi aliyegusa mfumo kabla ya kueleza kikaoni anabadili nini, nani ataguswa, na mambo yakiharibika atarudije alipokuwa. Mafundi wakampa jina: Bi Subiri.

Chapchap alinuna kidogo, halafu akaanza kutafuta sababu za kupanda ghorofa ya tatu, ofisini kwake. Aliomba kibali hata cha kubadili kipanya.

"Hiki hakihitaji kibali," Bi Subiri alimwambia.

"Na chai ya saa kumi?"

"Hiyo hatari yake ndogo. Nimepitisha."

Chai ilizaa matembezi, matembezi yakazaa simu. Dada mkubwa wa Bi Subiri, aliyekaa naye, alilalamika kwamba mdogo wake sasa anacheka jikoni peke yake na ameshaunguza sufuria mbili.

Kisha Chapchap alileta kikaoni kazi aliyoipenda kuliko zote: kuufanya usajili uende mbio, foleni ipungue. Alieleza vizuri, macho yakimng'aa.

"Ukishindwa, unarudije?" Bi Subiri aliuliza.

"Sitashindwa."

"Sikuuliza hilo."

Watu walicheka. Ombi likakataliwa. Aliyefuata alikuwa fundi wa mtandao, mrefu, mtanashati, anayenukia tangu mlangoni. La kwake lilipita bila swali. Chapchap aliondoka akiamini kwamba Bi Subiri amempata wa kimo chake. Simu za Bi Subiri hakuzipokea. Alimtumia ujumbe mmoja tu: "Sikujua hata kupendwa kunataka kibali."

Bi Subiri aliusoma kwenye ngazi, akatia simu mkobani. Dada yake alimsihi apige tena. Alijibu kwamba amepiga vya kutosha, na yeye pia ana moyo.

Chapchap, kwa ubishi, aliipeleka kazi yake kwenye mashine ya majaribio ili apate ushahidi wa kumwaibisha. Usajili ulikimbia kweli. Kisha akafungua jina la mzee wa kubuni, akakuta chini yake dawa za mtoto mchanga. Akafungua jingine, nalo vilevile. Alijaribu kurudisha, hakuweza.

Fundi mrefu alichungulia begani kwake, akapiga mluzi. Alimweleza kwamba ombi lake mwenyewe Bi Subiri alikuwa amelirudisha mara mbili kabla ya kikao, mpaka akaandaa njia ya kurudi. "Na mimi nina mke, ndugu yangu. Usinitazame hivyo."

Kikao kilichofuata, Chapchap aliingia na shati jeupe, amenyoa.

"Lile ombi langu ulilikataa kwa haki," alisema. "Nimelijaribu, lingeua mtu."

"Nililikataa ombi. Wewe sikukukataa," Bi Subiri alijibu taratibu.

"Basi nina jingine."

"Linamgusa nani?"

"Watu wawili. Na dada yako, kwa kuwa utahama."

Fundi mrefu aliweka kikombe chini.

"Umefanya majaribio?" Sauti ya Bi Subiri ilikuwa imepungua.

"Nimejaribu kukaa bila wewe. Majaribio yamefeli vibaya."

"Na likiharibika, unarudije?"

"Sina njia ya kurudi. Safari hii nimetafuta kweli, mpenzi. Haipo, na siitaki."

Kila mtu pale aliwahi kurudishwa kwa jibu kama hilo. Bi Subiri alishusha miwani, akaipangusa kwa upindo wa gauni lake la kijani, akaivaa tena.

"Hili si la kikao," alisema. "Ni langu. Nimepitisha."

"Lini?" Chapchap aliuliza, tayari amesimama.

"Kaa chini kwanza," alimwambia akicheka. "Kuna ombi la printa la watu wa maabara, nao walitangulia."