Kompyuta Iliyonyamazishwa

Kila alipotoka shule, Yasmina alifanya mambo yaleyale. Alivua sare na kuitundika nyuma ya mlango, akala maharage aliyofunikiwa kwa kawa, kisha akavuta kigoda na kuketi kando ya mama yake, Zubeda, mbele ya kompyuta. Nje, mafundi wa magari wa mtaa wa Buyenzi waligonga vyuma na kutaniana. Ndani, Mama Zubeda aliponya picha.

Majirani ndio walioipa kazi hiyo jina hilo. Mwaka huo wa 2004 vita vilikuwa vimemchosha kila mtu, lakini vilikuwa havijaisha. Watu wengi waliokimbia walirudi majumbani mwao na picha moja tu ya mpendwa wao, imelowa, imekunjamana, au imeungua pembeni. Baba yake Yasmina, Bwana Uthmani, aliyekuwa mpiga picha wa harusi, alinunua kompyuta kuukuu na skana, akamfundisha mkewe kuzitumia. Zamani Mama Zubeda alikuwa akidarizi kofia. Mkono wake uliozoea sindano ulijua kuziba nyufa za picha bila kubadili sura ya mtu.

Udhia ulikuwa mmoja tu. Mara kwa mara, kazi ikiwa imenoga, ngao nyekundu ilichomoza kwenye kioo cha kompyuta, na kengele ikalia kama sahani ya bati iliyoanguka sakafuni. Chini ya ngao kulikuwa na maneno ya Kifaransa. Mama Zubeda alisoma Kiswahili na Kiarabu cha madrasa, Kifaransa hakukijua. Ila neno moja alilitambua: ATTENTION, yaani tahadhari. Alikuwa ameliona kwenye ubao wa kizuizi cha askari. Basi kila lilipotokea, aliondoa mkono kwenye kipanya kana kwamba kimemchoma.

"Yasmina! Inasema nini tena?"

"Si kitu, Mama."

"Si kitu, na imeandikwa kwa rangi ya damu?"

"Si kitu, Mama. Bonyeza pale pembeni, itaondoka."

Mama alibonyeza, lakini vidole vyake viliendelea kutetemeka kwa muda. Yasmina aliviona, na moyo ukamuuma.

Kesho yake wakati wa mapumziko alimweleza rafiki yake Joëlla, ambaye kaka yake alifanya kazi katika duka la intaneti mjini.

"Eh, we!" Joëlla alicheka. "Mama yako anaogopa kompyuta kama mbuzi anavyoogopa mvua?"

"Usimcheke mama yangu."

"Haya, basi, usinune. Mi nitakuonyesha. Fungua ile programu ya ulinzi, tafuta mahali pa maonyo, toa alama zote. Itanyamaza kama maji ya mtungi."

Nyumbani kwa kina Yasmina, kunyamazisha mambo halikuwa jambo geni. Redio ikianza kutaja mapigano ya milimani, Baba aliizima kabla Mama hajaingia sebuleni. Risasi zikisikika upande wa Kanyosha, Baba alisema ni mlango wa gereji umebamizwa. Hakuna aliyeuita huo uongo. Waliuita huruma.

Kwa hiyo jioni hiyo, Mama alipokwenda kuswali Alasiri, Yasmina aliifungua programu ya ulinzi na kutoa alama zote. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika, maana haitalindwa tena dhidi ya vitu vitokavyo nje. Yasmina aliyasoma maneno yote, na akayaelewa. "Mama atapumzika," alijiambia, akabonyeza ndiyo.

Na kweli Mama alipumzika. "Leo mashine imelala usingizi mtamu," alisema huku akitabasamu. Yasmina alijisikia kama mtu aliyempa mama yake zawadi.

Wiki hiyo alikuja bibi mmoja kutoka Kanyosha, jina lake Daphrose. Alifungua kitambaa alichokifunga mara nyingi, akatoa picha ya mwanawe, Astère, aliyepotea wakati wa vita. Picha ilikuwa imeoza kwa unyevu. Mama Zubeda aliilaza juu ya skana kwa upole, kama amlazaye mtoto mchanga. Hata hivyo, skana ilipomaliza kuisoma naye akainua kifuniko, sura ya kijana ilikuwa imebaki kwenye kioo cha skana vipande vipande, laini kama majivu.

Daphrose alishika mdomo. Mama Zubeda akamwonyesha kompyuta haraka. "Tazama, mama, tumemuwahi. Yuko humu."

"Humu tu?"

"Humu tu. Lakini nitamtunza. Njoo Jumamosi, inshallah."

Mama alishughulika na picha ile kuliko nyingine zote. Alikuwa ameikamilisha pale mwalimu mmoja wa Musaga, Bwana Télesphore, alipoleta disketi yenye picha ya kadi ya harusi. Mama aliitia disketi ndani. Hakuna ngao iliyochomoza. Hakuna kengele iliyolia. Kompyuta iliipokea kimya.

Asubuhi iliyofuata mashine ilijikokota kama gari bovu, na Mama alipofungua mahali alipohifadhi picha, palikuwa patupu. Wateja wote walikuwa wametoweka, na Astère pamoja nao.

Baba alimwita mpwa wake Anouar, fundi wa kompyuta. Anouar alibonyeza hapa na pale, akasikiliza mashine ikikoroma, akatikisa kichwa.

"Mjomba, naona diski ndiyo imechoka. Nitafuta kila kitu, nianze upya."

"Na picha?"

"Picha hazipo, mjomba. Unaona mwenyewe."

Mama Zubeda alikuwa amesimama, mikono kifuani. "Nitamwambia nini yule mama?" aliuliza, wala hakumuuliza mtu.

Yasmina aliegemea ukuta. Hakuogopa kuchapwa, kwa kuwa nyumba hiyo haikuwa na desturi ya fimbo. Alichoogopa ni kwamba akisema moja, atasema yote, na Mama atajua kuwa kila "si kitu" aliyoambiwa ilikuwa kitu. Akamwona Anouar akitoa sidii kwenye mkoba wake.

"Kaka Anouar, usifute!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Mimi ndiye niliyezima maonyo. Nilizima ulinzi wote. Halafu ikaja disketi ya mwalimu."

Wote wakamgeukia.

"Ulizima kabla ya disketi kuingia?" Anouar aliuliza.

"Kabla."

Anouar alirudisha sidii mkobani. "Basi ngoja. Hii si diski, hii ni virusi. Kuna vingine vinaficha vitu tu, haviwezi kuvila. Yasmina, ungechelewa kidogo mi ningemzika mtu muzima muzima."

Akaanza kazi upya. Mama alimshika Yasmina mkono, wakatoka uani na kuketi kwenye mkeka.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Ulikuwa unatetemeka, Mama. Sikutaka uogope." Machozi yalianza kumtiririka. "Nilijua inasema nini. Nilikuwa nakuambia si kitu ili usiogope."

Mama alisema polepole.

"Alipouawa kaka yangu Abdu, habari ilifika hapa asubuhi. Watu wote wa nyumba hii walijua. Kwa huruma yao, hakuna aliyeniambia. Jioni nikampakulia chakula chake, nikakifunika, kwa maana alikuwa akichelewa. Kesho yake nikampakulia tena. Nilipojua, Yasmina, kifo kiliniuma, lakini sahani ile pia iliniuma. Tangu siku hiyo siogopi kengele. Naogopa nyuso zenu mnaponiambia si kitu."

Baba alikuwa mlangoni. Alisikia yote. Alikuja akachutama mbele ya mkewe na kuinamisha kichwa.

"Nisamehe, Mama Yasmina," alisema.

"Nisamehe, Mama," Yasmina naye akasema.

"Nimewasamehe. Lakini kuanzia leo nitaambiwa."

Anouar aliwaita. Picha zilikuwa zimerudi, ila si zote. Zile ambazo Mama alikuwa amezikamilisha zilikuwa zimeharibika. Zilizosalimika ni zile za mwanzo, kama zilivyotoka kwenye skana, na nyufa na madoa yake.

"Alhamdulillahi," Mama alisema. "Astère yupo. Kazi nitaifanya tena."

Kisha Anouar akamwita Yasmina. "Ulichotaka hakikuwa kibaya, dada yangu, njia ndiyo ilikuwa mbaya. Tazama. Kengele hii naizima, haina faida. Tangazo hili la kila saa naliacha litokee mara moja kwa siku. Lakini hili linalouliza habari za kitu kinachotoka nje, hili halizimwi. Linasomwa."

"Na atakayenisomea ni nani?" Mama aliuliza.

"Mimi," Yasmina alijibu. "Nitakufundisha mwenyewe usome."

Jioni hizo mama na mwana walikaa pamoja. Yasmina alitamka Kifaransa, Mama akarudia, wakati mwingine akikosea kwa makusudi ili binti yake acheke. Huku wakisoma, uso wa kijana ulirudi taratibu kwenye kioo.

Jumamosi Daphrose alikuja. Mama Zubeda hakumficha kitu. Alimweleza jinsi picha ilivyokaribia kupotea, na kwa nini. Yasmina aliomba msamaha akiwa amesimama, macho chini. Bibi akasogelea kompyuta.

"Nionyeshe mutoto wangu kwanza," alisema.

Mama aligeuza kioo. Kila kitu kilikuwa kimeponywa, isipokuwa doa dogo jeusi chini ya jicho la kushoto.

"Hapa nimeacha makusudi," Mama alisema. "Mara ya kwanza nilidhani ni uozo, nikafuta bila kukuuliza. Leo nauliza. Doa hili ni la picha au ni lake?"

Daphrose alinyoosha kidole, akaligusa lile doa kwenye kioo. Akacheka, na machozi yakamtoka papo hapo.

"Apana, usifute! Ni lake. Aliungua akiiba maharage kwenye sufuria yangu. Alikuwa angali mudogo. Nilimpiga, halafu nikalia naye." Akamvuta Yasmina karibu yake. "Ungenipa picha safi bila alama hii, mi ningerudi na mutoto wa mutu mwingine."

Mama Zubeda aliichapa picha, akaikausha kwa kuipunga, akaiweka mikononi mwa mwenyewe. Wakamsindikiza hadi barabarani. Walipokuwa wakirudi, alimwekea Yasmina mkono begani.

"Umeona, mwanangu? Mimi nilifuta kwa nia njema, na wewe ulizima kwa nia njema, na sote wawili tulikosea, kwa sababu hatukumuuliza mwenye jambo. Ukimpenda mtu, usimfiche linalomhusu. Mwambie ukweli, halafu kaa naye mpaka hofu imtoke."

"Nitakaa, Mama," Yasmina alisema, na wakaingia ndani.